Mafunzo Yaliyokosa wa Kuyafunga

Msiitafute nchi hii kwenye ramani. Waliowahi kuitafuta walirudi wameshika ramani ya kwao, wakaanza kunitazama kwa jicho baya, nami sina ugomvi na mtu. Jueni tu kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri sitini na wanane, na sisi wananchi wake tuna furaha kwa mujibu wa sheria.

Mimi huko ni bwana afya. Kazi yangu ni kukagua vyoo vya umma. Ni kazi nzuri, haina msongamano. Jumatatu moja ya mwezi wa pili nilitumwa kukagua vyoo vya Chuo cha Taifa cha Mafunzo Mseto, kilichowekwa juu ya kilima ndani ya ghala la zamani la tumbaku. Getini mlinzi alinipa daftari, nikasaini. Kwetu mtu akipewa daftari husaini kwanza, ndipo akauliza ni la nini. Anayetanguliza kuuliza huonekana ana jambo. Nikaingia, nikakagua. Vyoo vilikuwa viwili, kimoja kimetiwa kufuli kwa ajili ya mgeni rasmi. Nikarudi getini niondoke.

"Unakwenda wapi, Bwana Afya?" mlinzi akaniuliza kwa upole. "Wewe ndiye mshiriki namba arobaini na moja."

Ndivyo nilivyojiunga na mafunzo ya ukunga.

*

Sina budi kueleza hekima iliyotufikisha hapo. Serikali yetu ilikuwa imefanya utafiti ikagundua jambo la kutisha, kwamba wafanyakazi wake wengi wanajua kazi kwa sababu wameifanya miaka mingi. Ujuzi wa namna hiyo hauna kumbukumbu ofisini. Hauna hata namba. Ikaundwa Wizara ya Ujuzi Mchanganyiko, na Wizara ikaamuru kila mfanyakazi ajifunze upya kazi yake kwa njia ya mseto: nusu afundishwe na mashine, nusu afundishwe na mtu, asije akaelemea upande mmoja.

Walioanza ni wakunga wa Mkoa wa Magharibi, kwa kuwa takwimu zote huanzia kwenye kuzaliwa. Walikuwa arobaini. Waliitwa wote arobaini.

Siku ya kwanza mwanamke mmoja mfupi, wa miaka hamsini na ushee, alinyoosha mkono. Jina lake Siwema. Alikuwa amezalisha miaka ishirini na saba katika zahanati ya Mabatini, na watoto waliopita mikononi mwake aliacha kuwahesabu walipovuka elfu mbili.

"Samahani, mwezeshaji," akasema. "Tukiwa sote hapa, huko nyumbani wanazalishwa na nani?"

Mwezeshaji wetu aliitwa Bwana Mbawala, kijana wa miaka thelathini, shati limenyooka, mwenye hofu ya Mungu na hofu kubwa zaidi ya Katibu Mkuu. Akatabasamu. "Swali zuri sana, Bi. Siwema." Akaliandika kwenye karatasi kubwa ukutani, chini ya kichwa cha habari MASWALI MAZURI. Likakaa pale, linasomeka vizuri hata kwa aliyeketi nyuma.

Nami nilipopata nafasi nilimwuliza Siwema kwa nini anauliza maswali yenye majibu.

"Nina binti, Bwana Afya," akasema. "Chiku. Ana mimba ya miezi sita na nusu. Mtoto wake wa kwanza alifia mikononi mwa jirani, miaka miwili iliyopita. Mimi sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Semina. Ya siku tatu. Ya kupunguza vifo vya watoto wachanga. Walinipa cheti. Kina nembo ya dhahabu. Nimekiweka chini ya godoro upande wa ukutani, nisikilalie."

Huyu wa sasa alikuwa amemwahidi Chiku kwamba atampokea mwenyewe. Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili. Alikuwa amepiga hesabu akaona atabakiwa na wiki nane za kukaa mlangoni kusubiri.

*

Mafunzo yalifunguliwa na Mheshimiwa Lutambi, Waziri wa Ujuzi Mchanganyiko, aliyefika kwa kuchelewa saa nne tu, hata wengine tukadhani amewahi. Alihutubia. Alisema taifa lisilojifunza upya hubaki linajua kile kile. Alisema mashine haina moyo na mtu hana betri, na kwamba Serikali sasa imevioanisha. Tulimpigia makofi ya kawaida, halafu ya mvua, halafu ya treni. Kisha akabonyeza kidole gumba juu ya kishikwambi, kengele ikalia, akatamka kwamba mafunzo yamefunguliwa rasmi, akaenda kutumia choo chake.

Mseto wenyewe ulikwenda hivi. Vishikwambi vilikuwa arobaini lakini chaja ilikuwa moja. Kwa hiyo ile nusu ya mashine Bwana Mbawala alitusomea kwa sauti, pamoja na maneno kama "bonyeza hapa" na "subiri inafunguka", naye akanyamaza dakika mbili ikifunguka. Ile nusu ya mtu ilifundishwa na Profesa mmoja ambaye hakuweza kuja, akarekodiwa, tukamtazama ukutani. Hivyo ya mashine tulipewa na mtu, na ya mtu tulipewa na mashine, na hakuna upande ulioweza kulalamika.

Vitendo havikusahauliwa. Wanasesere wa kuzalishia walikuwa bado wako bandarini, kwa hiyo tulizalisha chupa za maji za lita moja na nusu kutoka ndani ya boksi la karatasi. Mimi nilizalisha tatu, zote salama. Nilipewa alama themanini na mbili.

Siwema alipata thelathini na tano. Swali lililomwangusha lilikuwa hili: Mama akifika akiwa na uchungu, hatua ya kwanza ni ipi? A, nawa mikono. B, mpime. C, mtabasamie na ujitambulishe kwa jina na cheo. Siwema alichagua A.

"Jibu ni C," Bwana Mbawala akamwambia kwa huruma. "Huduma kwa mteja."

"Na kichwa cha mtoto kikiwa kimeshatokeza?"

"Jina na cheo kwa ufupi."

*

Siku ya kumi na nne tulivaa nguo za kufungia. Wakunga walisuka nywele, mimi nikaazima tai. Mheshimiwa alitarajiwa saa tatu. Saa saba mchana tulikuwa tunakula wali wa kuagana wakati redio ya jikoni iliposoma taarifa ya habari, na taarifa ikasema kwamba uteuzi wa Mheshimiwa Lutambi umetenguliwa kuanzia jana yake, na nafasi hiyo itajazwa baadaye.

Ukumbi ukawa kimya. Mtu mmoja akaendelea kutafuna, mimi.

"Sasa?" Siwema akauliza.

Bwana Mbawala alifungua Mwongozo, kitabu kinene cha jalada la kijani, akaupekua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ulikuwa wazi kabisa. Mafunzo yaliyofunguliwa na mgeni rasmi hufungwa na mgeni rasmi. Mgeni rasmi ni Waziri. Mshiriki atakayeondoka kabla ya kufungwa ni mtoro wa maarifa. Leseni yake inakufa siku hiyo, na mkunga asiye na leseni akimgusa mjamzito ni miaka saba jela. Kwenye kishikwambi chenye chaji paliandikwa: Umekamilisha asilimia tisini na tisa. Hongera. Inasubiri kufungwa.

"Si utufunge wewe, mwezeshaji?" mkunga mmoja akasema. "Sema tu neno, tukapande magari."

"Mimi nina mamlaka ya kuwezesha," Bwana Mbawala akajibu, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe. "Kufunga sijawezeshwa."

Kwa kuwa Mwongozo haukuruhusu washiriki kukaa bure, kesho yake alianza upya Mada ya Kwanza.

*

Wiki ya tatu alikuja mshiriki mpya, amebeba begi dogo na mto wa kulalia. Ilikuwa sheria kwamba kiongozi aliyetenguliwa apelekwe mafunzoni kwanza kabla ya kupangiwa kazi nyingine, na chuo kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu. Ndiyo, alikuwa Mheshimiwa Lutambi. Akapewa namba arobaini na mbili na kitanda kilicho chini ya changu.

Wakunga walimzunguka kabla hajaweka mto chini.

"Baba, si wewe uliyefungua?" Siwema akamwambia. "Hebu tufungie."

"Mama, nilifungua kwa cheo," akasema. "Kidole nimekuja nacho. Cheo kimebaki ofisini."

"Jaribu tu."

Akajaribu. Akabonyeza kidole kwenye kishikwambi mbele yetu sote. Kishikwambi kikafikiri, kikamwandikia: Karibu, mshiriki. Anza na Mada ya Kwanza.

Nitamsifu kwa jambo moja. Alikaa mstari wa nyuma, akazalisha chupa zake kwa bidii, na hakuomba ufunguo wa kile choo. Usiku alikoroma kama yupo bungeni.

*

Wiki zikapita na Mada zikazunguka. Tulimtazama Profesa mara nyingi hata wakunga wakajua mahali anapokohoa, wakawa wanamwambia "pole" kabla. Wakati huo mimba za Mkoa wa Magharibi hazikuwa zimepewa waraka wowote, zikaendelea kukua. Wajawazito walisikia kwamba wakunga wote wako kilimani, wakaanza kupanda. Mmoja mmoja walikuja na kanga zao, beseni na thermosi ya uji, wakakaa nje ya uzio wa wavu. Matundu ya wavu ule yalipitisha vidole viwili. Wakunga walikaa ndani wakiwauliza maswali na kuwapapasa matumbo kwa vidole viwili viwili. Uchungu ukimzidi mmoja, alishushwa kwa pikipiki hospitali ya mkoa wa jirani, mwendo wa saa tatu. Wengine walifika. Siku zile ambazo habari za aliyeshushwa hazikurudi, hakuna aliyekula vizuri, na Bwana Mbawala alisoma kwa sauti ya chini.

Wiki ya saba Siwema alifunga kifurushi chake akaenda getini mchana kweupe. Nilimfuata, kwa sababu mtu mwenye tabia yangu hawezi kukosa jambo kama lile.

"Fungua, mwanangu," akamwambia mlinzi. "Leseni waichukue. Nitampokea mjukuu wangu, halafu hiyo jela nitaijua nikifika."

Mlinzi hakubisha. Akasimama, akavua kofia. "Nitafungua, mama. Ila nikuonyeshe." Akamfunulia daftari. "Jioni idadi lazima itimie arobaini na mbili. Ikipungua, anayejaza pengo ni aliyekuwa zamu. Ukitoka wewe, naingia mimi. Nami nina watoto watatu, na mama yao alishatangulia."

Akaweka ufunguo juu ya daftari, katikati yao, akageuza uso akatazama barabara.

Siwema alisimama pale kwa muda ambao ningeweza kukagua choo kizima. Kisha akaokota kifurushi chake, akarudi darasani. Ilikuwa Mada ya Nne: Mjue Mjamzito.

*

Wiki ya nane ikaja habari njema. Waziri mpya ameteuliwa, na kazi yake ya kwanza ni kutufunga. Tulifyeka majani. Tulipaka chokaa mawe, halafu tukapaka chokaa miti ili isione wivu. Akaja, mwembamba, mwenye haraka, msafara wa magari kumi na moja. Msaidizi wake akampa hotuba. Akaisoma vizuri sana, kwa sauti ya kiume, na sisi tukaitikia kila palipotakiwa. Nilimtazama Siwema: kifurushi kilikuwa kwapani.

"Na sasa," Waziri akasoma, "kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi."

Akabonyeza kidole. Kengele ikalia.

Baadaye tuliambiwa kwamba Wizara ina hotuba moja tu iliyopigwa chapa, hubadilishwa jina la mkoa. Bwana Mbawala alijaribu kumkimbilia, akaishia kwenye vumbi la gari la tisa. Mafunzo yetu sasa yalikuwa yamefunguliwa mara mbili na kufungwa sifuri. Kishikwambi kiliteremka kutoka asilimia tisini na tisa hadi arobaini na tisa na nusu, kwa kuwa hicho ni chombo cha haki.

Siku ile Siwema hakulia. Aliketi akaitazama karatasi ya MASWALI MAZURI, na mkono wake ulikuwa unafungua na kufunga juu ya goti.

*

Chiku aliletwa wiki ya kumi na moja, Alhamisi, saa nane mchana. Tulisikia pikipiki, halafu sauti ya mumewe Sefu akiita "mama, mama," halafu Siwema alikuwa tayari ameshafika kwenye wavu bila mtu kumwona akitoka kwenye kiti.

"Tangu lini?" akauliza.

"Alfajiri," Chiku akasema. Alikuwa amepiga magoti, ameshika wavu kwa mikono miwili. "Mama, ni kama ile ya kwanza. Ni vile vile."

Siwema alipitisha vidole viwili. Akapapasa upande huu, akahamia ule. Niliona uso wake ukibadilika, kisha ukarudishwa mahali pake kwa nguvu.

"Ametanguliza makalio," akatuambia taratibu, kama anayetaja bei ya nyanya. "Huyu hafiki mkoa wa jirani. Wala vidole viwili havitamtoa." Akageuka. "Mwezeshaji. Nataka aingie."

Bwana Mbawala alikuwa amekumbatia Mwongozo kifuani. "Asiye mshiriki haruhusiwi ukumbini, Bi. Siwema. Ningekuwa mimi..."

"Basi mwandikishe."

"Nikimwandikisha hatoki. Unajua hatoki. Tumefunguliwa mara mbili."

"Najua."

"Pengine ni miaka."

Siwema alimtazama binti yake kupitia wavu. Chiku alikuwa amesikia yote. Alisukuma paji la uso kwenye wavu mpaka ukamchora.

"Andika," Siwema akasema. "Afadhali niwe namwona humu kila siku kuliko nimkumbuke."

Bwana Mbawala akaandika. "Kazi yake?"

"Mkunga."

"Lakini yeye..."

"Leo atajifunza. Andika."

Kabla ya kumkubali, mfumo ulitaka jaribio la awali, maswali ishirini. Mlinzi na Sefu walimbeba Chiku kupandisha ngazi, mimi nikitembea kinyumenyume mbele yao na kishikwambi, nikisoma. "Eleza dira ya Wizara. A, B au C?" Chiku akatoa mlio ambao hauko kwenye Mwongozo. "Ni B," wakunga arobaini wakaitikia. Wiki kumi na moja hazikupotea bure. Tulimaliza maswali ishirini kabla ya ngazi ya mwisho, akapata mia kwa mia, wa kwanza katika historia ya chuo.

Sefu akarudishwa nje kabla hajahesabiwa, na meza za mafunzo zikaunganishwa. Mheshimiwa Lutambi alishusha lile bango kubwa lililosema NUSU MASHINE, NUSU MTU, UJUZI KAMILI, akalishikilia kwa mikono iliyonyooshwa liwe pazia, akageuza uso upande wa dirisha. Alisimama hivyo saa nzima na nusu, na mikono ilipoanza kumtetemeka hakuna aliyemsikia akitaja cheo alichowahi kuwa nacho. Ukutani Profesa alikuwa anaendelea, maana hakuna aliyejua pa kumzimia. Mimi nilipewa kazi ya maji ya moto, ambayo iko karibu na fani yangu.

Nyuma ya pazia nilisikia sauti ya Siwema tu. "Usisukume. Nikuambie usisukume. Vuta pumzi kwa pua, mwanangu, kama unanusa samaki. Haya, mguu mmoja huu hapa. Usisukume." Halafu, chini kabisa, sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Njoo basi. Njoo, bibi yako hana kazi nyingine."

Profesa akakohoa ukutani. Hakuna aliyempa pole.

Kisha mtoto akalia. Bango likashuka, kwa maana Mheshimiwa Lutambi aliketi sakafuni ghafla, akaanza kufuta uso kwa neno UJUZI.

*

Kishikwambi hakikuwa na haraka. Kiliwaka chenyewe, kikampiga mtoto picha, kikaandika: Sura mpya imetambuliwa. Mshiriki namba arobaini na nne. Taja jina.

"Taja jina," Bwana Mbawala akasema, kisha akasikia mwenyewe alichosema.

Siwema alikuwa ananawa mikono. "Hana."

"Mama, mfumo unasubiri."

"Usubiri. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba. Kabla ya hapo si wa kuitwa na mtu yeyote."

"Bila jina si mshiriki," Bwana Mbawala akanong'ona, "na asiye mshiriki..." Kutoka sakafuni Mheshimiwa Lutambi aliinua kichwa.

"Kanuni ya sitini na moja," akasema polepole. "Hebu isome, kijana. Niliisaini mwenyewe. Mpishi alilalamika kwamba madereva wa wakubwa wanaingia ukumbini na sahani."

Bwana Mbawala akafungua kile kitabu cha kijani, na safari hii hakupekua sana. "Mtu asiye mshiriki akikutwa ukumbini," akasoma, "ataondolewa mara moja pamoja na chakula chake, na kuondolewa huko hakutahesabiwa kuwa upungufu wa washiriki."

Tukatazamana. Mtoto alikuwa ameshapata titi.

"Hawezi kutembea," nikasema, kwa kuwa mimi ni mtu wa taratibu. "Abebwe na nani?"

"Abebwe na chakula chake," Siwema akasema.

Mlinzi aliitwa na daftari. Alipoelezwa aliuliza mara mbili kama kweli chakula hakijazi pengo, akaonyeshwa mstari, akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Mfumo nao ulitaka sababu ya Chiku kutoonekana darasani, ukatoa nafasi tatu: amefariki, amefukuzwa, mengineyo. Bwana Mbawala alichagua mengineyo, na mbele yake, kwa herufi kubwa, akaandika CHAKULA. Mfumo ukakubali, ukamtakia siku njema.

Ile "mara moja" Siwema aliitafsiri kuwa kesho asubuhi, damu ikishakatika. Hakuna aliyepinga, tumeishi na mara moja za Serikali, tunajua urefu wake.

Asubuhi Chiku alisimama getini na mtoto kifuani, Sefu kando yake ameshika beseni. "Na wewe, mama?"

"Mimi si chakula cha mtu."

"Mama."

Siwema alitazama kando ya uzio. Walikuwapo wanawake kumi na saba, kila mmoja ameelewa mapema kuliko Wizara yoyote. "Nikitoka mimi anaingia huyu baba wa watu," akasema, akionyesha mlinzi. "Na hawa nitawaachia Bwana Afya na chupa zake?" Akamfunika mtoto kichwa vizuri. "Sikiliza. Siku ya saba mpeni jina. Msinitumie. Simu zetu ni za chuo, na picha yake bado imo humo, inangojea kuitwa. Nisilijue."

Chiku akafungua mdomo.

"Nisilijue, Chiku. Nenda, jua litakuchoma."

*

Tangu siku ile wameingia wanawake kumi na mmoja na wametoka watoto kumi na wawili, kila mmoja na chakula chake. Wizara imetupongeza kwa ongezeko la washiriki, na imeahidi mgeni rasmi. Mimi nilimwuliza Bwana Mbawala kama bwana afya wa umri wangu anaweza kupita kwa jina la kitoweo. Alikwenda kuangalia. Hairuhusiwi.

Siku ya saba tangu mtoto wa Chiku azaliwe, Siwema aliketi darasani tangu asubuhi, hakujibu swali hata moja. Saa kumi Sefu alitokea upande wa pili wa wavu, amevaa kanzu safi, jasho la kupanda kilima linamtiririka. Siwema akatoka. Hatua tatu kutoka hapo mlinzi alikuwa na daftari lake, kalamu sikioni, na mkononi mwangu mimi kilikuwa kile kishikwambi, kimewaka.

Sefu alimtazama mama mkwe wake. Akatazama kishikwambi. Akafumba mdomo kwa nguvu mpaka ndevu zikasimama.

"Ananyonya?" Siwema akauliza.

"Ananyonya sana, mama."

"Analala?"

"Analala. Macho ni yako."

Siwema aliweka vidole viwili kwenye tundu la wavu, na Sefu akavishika. Walikaa hivyo kidogo. Kisha akavitoa, akavifuta kwenye kanga.

"Haya, mwanangu, shuka kabla giza halijaingia," akasema, akageukia foleni ya wanawake. "Aliyeanza uchungu saa sita ni nani? Njoo karibu, mama. Jina lako nitajie. La mtoto kaa nalo."